Maswali ya Wasomaji: Santuri ya Onyesho la Mwisho

Barua za mwezi huu zimetujia kama zilizopangana: bendi za hadikoo zinazovunjika, na santuri ya onyesho lao la kuagana. Kwa asiyeujua muziki huu, hadikoo ni tawi la panki lililochipuka Marekani mwishoni mwa miaka ya 1970. Nyimbo zake ni za dakika moja au mbili, mwendo ni wa kasi, mwimbaji anafoka zaidi ya kuimba, na watazamaji wanapanda jukwaani kupokezana naye maiki. Santuri yake ina shida zake za pekee, na majibu yetu yamezingatia hilo.

Bendi yetu inaagana baada ya miezi miwili na tunataka onyesho lile litoke kwenye santuri. Ukumbi unachukua watu 400, mitambo ni ya ukumbi wenyewe. Turekodi vipi, na ni nini hasa huharibu rekodi za namna hii? – Mpiga gitaa

Ndugu mpiga gitaa, onyesho la kuagana halirudiwi. Kila kinachoweza kukatika usiku ule kiwe na mwenzake wa akiba.

Msitegemee miksi ya ukumbi peke yake. Fundi anaipanga kwa ajili ya masikio yaliyomo ndani ya ukumbi. Gitaa zinanguruma zenyewe jukwaani, kwa hiyo anazipitisha kidogo tu kwenye spika kubwa. Ukisikiliza rekodi yake kesho yake, gitaa ziko mbali na mwimbaji anasikika kama mtangazaji wa mpira. Rekodini kila maiki kwenye njia yake. Kwa bendi ya watu watano njia 18 zinatosha: ngoma 7 (ile ya teke, snea, tomu tatu na maiki mbili juu ya matoazi), besi 2 (moja ya waya wa moja kwa moja kupitia kisanduku cha DI, kile kinachopokea besi bila maiki, nyingine ya maiki mbele ya spika yake), gitaa 2, sauti 3, na watazamaji 4. Kwa biti 24 na kilohezi 48, njia hizo zinakula kiasi cha gigabaiti 9.3 kwa saa. Kinasa kinachoandika njia zote ndani ya faili moja kwenye kadi ya FAT32 (mfumo wa zamani wa kupanga mafaili) hulikata faili kila linapofika gigabaiti 4. Msishtuke, vipande hivyo huungana bila pengo.

Ishara ichukuliwe kabla fundi wa ukumbi hajaigusa, ama kwa kigawanyo cha maiki chenye transfoma, ama kutoka kwenye mixa ya kidijitali, kabla ya ekwalaiza na slaida (kitelezo cha kupandisha na kushusha sauti). Hiyo njia ya mixa ina mtego wake: kitasa cha gein, yaani cha nguvu ya ishara inapoingia, ni kimoja kwa ukumbi na kwa kinasa. Fundi akikishusha katikati ya wimbo, rekodi nayo inazama. Kubalianeni mapema kwamba majaribio yakiisha gein haiguswi tena, na anayetaka kupunguza apunguze kwa slaida.

Wakati wa majaribio hakuna anayefoka wala kupiga kama atakavyofanya ukumbi ukijaa. Pangeni vilele vifike −18 desibeli kwenye mita ya kinasa. Usiku vitapanda hadi −10 au hata −8, na nafasi itakuwa bado ipo. Ishara ya chini kwenye biti 24 inapandishwa baadaye bila madhara, lakini iliyogonga sifuri, kikomo cha mita, ikakatwa kichwa haiponi.

Sasa jukwaa. Mtu anapanda, anaruka, mguu unanasa kebo, gitaa linanyamaza kwa sekunde 20 katikati ya wimbo ambao watu wameungoja mwaka mzima. Kebo ya gitaa ipitishwe kwanza ndani ya mkanda wa gitaa, na upande wa pili izungushwe kwenye mshikio wa amplifaya ndipo ichomekwe, ili ikivutwa uvutike mshikio badala ya plagi. Maiki za snea na tomu zibanwe kwenye ukingo wa ngoma zenyewe; stendi ndefu zitaanguka kabla ya wimbo wa tatu. Maiki ya gitaa iwe kwenye stendi fupi iliyofungwa sakafuni kwa tepu ya kitambaa miguu yote mitatu.

Maiki ya mwimbaji ndiyo inayoteswa kuliko zote. Anayekifumbata kichwa chake kwa kiganja anaziba matundu ya nyuma, yale yanayoifanya isikie upande mmoja tu. Yakizibwa, maiki inasikia pande zote: matoazi yanaingia, spika zinapiga mluzi, na sauti inakuwa ya puani. Ashike mpini. Mazoea ya miaka hayaachwi kwa usiku mmoja, basi aanze kuzoea leo kwenye mazoezi. Wekeni maiki mbili za akiba za aina ileile jukwaani, zikiwa zimeshachomekwa na zinarekodi kwenye njia zao. Ya kwanza ikipotelea kwenye kundi, anachukua ya pili bila kumtazama mtu.

Maiki za watazamaji ndizo watu huzisahau, nasi tunaziona ndizo roho ya santuri yenyewe. Mbili ziwe kwenye pembe za jukwaa, nyuma kidogo ya mstari wa spika kubwa, zikiwatazama watu na kuzipa spika kisogo. Zitundikwe juu, mita 3 hivi, kwenye vyuma vya taa, maana zikiwa kwenye stendi hazitamaliza usiku. Mbili nyingine ziwe nyuma ya ukumbi kwenye meza ya fundi. Zikiwa za kondensa, yaani maiki zinazohitaji umeme, hakikisheni umeme wa volti 48 umewashwa kwenye njia hizo.

Kinasa kianze dakika 10 kabla ya wimbo wa kwanza na kisizimwe mpaka ukumbi uanze kumwagika. Dakika ile ya watu wakinong'ona na kupiga miluzi itawafaa baadaye kuziba mishono. Kiungeni kwenye betri ya akiba, zimeni usingizi wa kompyuta, na kinasa cha pili, hata kidogo cha njia mbili, kichukue miksi ya ukumbi. Cha kwanza kikifa, bado mna kitu.

Onyesho letu lilikwenda dakika 47 pamoja na maneno ya katikati. Je, zitaingia kwenye santuri moja? Mwenzangu anasema hata 60 zinaingia. – Mpiga besi

Kuingia zitaingia. Kusikika vizuri ni jambo jingine. Santuri ya inchi 12 kwa mizunguko 33⅓ kwa dakika inabeba muziki wenye kishindo kwa raha hadi dakika 18 kila upande. Hadi 22 inavumilika. Zaidi ya hapo mifuo, yaani mistari inayopitiwa na sindano, inabanana, fundi wa kuchonga (anayeichonga mifuo hiyo kwenye sahani ya kwanza) analazimika kushusha sauti, na sauti ikishuka, kutatarika kwa plastiki kunapanda. Hadikoo iliyochongwa chini hivyo inasikika kama inatoka chumba cha jirani. Kwa mizunguko 45 ubora unapanda, lakini mnabaki na dakika 12 hadi 15 kwa upande, na hapo mtahitaji santuri mbili.

Ushauri wetu ni kupunguza maneno. Maneno ya kuagana ya dakika 3 yanagusa moyo mara ya kwanza. Mara ya kumi msikilizaji ananyanyua sindano. Kateni mpaka ibaki jumla ya 37 hivi.

Halafu msigawe nusu kwa nusu. Pande zote mbili huanzia ukingoni, ambako mfuo unapita chini ya sindano kwa kasi ya sentimita 51 kwa sekunde. Karibu na lebo, duara limekuwa dogo na kasi imeshuka hadi 21. Mawimbi yaleyale sasa yamebanwa kwenye nafasi isiyofika nusu ya ile ya mwanzo, na sindano inashindwa kufuata mikunjo midogo ya matoazi na ya herufi "s". Sauti inachakaa. Bahati mbaya, wimbo wa mwisho wa kuagana ndio huo huo wenye watu 30 jukwaani na matoazi yasiyopumzika, na mahali pake pa kawaida ni mwisho wa upande B.

Dawa ni kuufanya upande A dakika 21 na upande B 16. Kwa dakika 16 fundi anaweza kuumaliza muziki kwenye nusukipenyo cha milimita 78 hivi, ambako kasi bado ni kama sentimita 27 kwa sekunde. Tofauti hiyo inasikika hata kwenye pleya ya kawaida. Upande A, ulio mrefu, mumalizie kwa wimbo wenye mwendo mzito na matoazi machache.

Jambo la ziada, kama mnapenda: fundi anaweza kuufunga mfuo wa mwisho ujirudie bila kikomo. Mzunguko mmoja kwa 33⅓ ni sekunde 1.8 kamili. Mkipata kipande cha watazamaji wakiitikia chenye urefu huo, kitazunguka mpaka msikilizaji mwenyewe anyanyue mkono wa pleya. Mwambieni kabla hajaanza kuchonga.

Nachanganya rekodi ya mwisho ya bendi ya rafiki zangu. Nikipandisha watazamaji, ngoma zinakuwa na mwangwi mbaya. Nikiwashusha, inasikika kama mazoezi ya gereji. Na je, ni halali mwimbaji kurudia mistari studio? – Fundi chipukizi

Mwangwi huo ni umbali. Sauti husafiri mita 343 hivi kwa sekunde, yaani kila mita moja ni karibu milisekunde 3. Maiki iliyo mita 20 kutoka jukwaani inasikia pigo la snea milisekunde 58 baada ya maiki ya snea yenyewe. Ukizijumlisha unapata mapigo mawili. Tafuta mahali ambapo mpiga ngoma anahesabu kwa fimbo, kuza picha ya mawimbi kwenye skrini, na uvute njia za watazamaji nyuma mpaka kilele cha fimbo kikutane na kile cha maiki za jukwaani. Fanya hivyo kwa kila jozi peke yake. Kisha kata yote yaliyo chini ya hezi 200 kwenye njia hizo, maana huko kuna ngurumo ya ukumbi tu.

Baada ya hapo usiwaache watazamaji kwenye kiwango kimoja. Kati ya nyimbo wapandishe desibeli 6 hivi, wimbo ukianza washushe polepole ndani ya sekunde moja, na kwenye kiitikio wapandishe tena kabla kidogo ya neno la kwanza. Msikilizaji hatambui mkono wako. Anaona tu ukumbi umevuta pumzi.

Kwa sauti ya mwimbaji, kibana sauti (kompresa, inayopunguza tofauti ya sauti kubwa na ndogo) peke yake hakitoshi. Kila anaponyamaza, kibana kinaachia na matoazi yanafurika kupitia maiki yake. Pitia wimbo mzima kwa mkono, na kati ya maneno shusha njia hiyo desibeli 8 au 10. Usiizime kabisa, kwa sababu ukimya wa ghafla ndani ya kelele unasikika zaidi ya kelele yenyewe.

Utakutana na mahali ambapo maiki imetupwa kwa watu na kwenye njia ya sauti kuna kijana anayefoka nje ya ufunguo, nusu ya maneno amekosea. Pandisha hapo. Watu wananunua santuri hii kwa ajili ya hapo.

Kuhusu kurudia studio, hakuna sheria inayokataza, ila msimamo wetu tunausema wazi: besi iliyokatika kwa sababu kebo iling'oka itengenezwe, ikiwezekana kwa kipande cha kiitikio kingine cha wimbo uleule. Angalia mwendo, kwani bendi hizi hazipigi kwa metronomu na kiitikio cha pili karibu kila mara kina kasi zaidi ya cha kwanza. Kata kwenye pigo la snea. Sauti ya mwimbaji aliyeishiwa pumzi iachwe ilivyo. Mkifoka upya studio, semeni hivyo kwenye jalada.

Tulipeleka kazi kwa fundi wa kuchonga akaturudishia, akisema besi ina fezi mbaya na sehemu ya juu ina makali. Kwenye kompyuta inasikika safi kabisa. Ana hoja? – Mpiga ngoma

Anayo. Kompyuta haina sindano.

Ndani ya mfuo, kile ambacho kushoto na kulia wanakubaliana huisogeza sindano kwa mlalo. Kile wanachopingana, na hiyo ndiyo fezi mbaya, huisukuma juu na chini. Besi ikiwa upande mmoja tu, au mawimbi yake ya kushoto yakipanda wakati ya kulia yanashuka, mfuo unazama hapa na kupanda pale, na mahali pengine unakaribia kutoweka. Sindano inaruka. Kwenye rekodi za jukwaani kosa hili hutoka kwa maiki za watazamaji zilizobeba ngurumo ya teke, au kwa njia mbili za besi, ile ya DI na ile ya maiki, zilizopishana milisekunde chache. Linganisheni njia hizo mbili kwanza, kisha unganisheni kila kilicho chini ya hezi 150 kiwe katikati.

Kuhusu makali: santuri huchongwa kwa mkunjo wa RIAA, unaopunguza besi na kuongeza sauti za juu wakati wa kuchonga, kisha pleya inarudisha kinyume chake. Kwenye kilohezi 20 nyongeza inakaribia desibeli 20. Matoazi yanayolia dakika 18 mfululizo yanapasha moto koili za kichwa cha kuchongea mpaka ulinzi wake unakata, na hata yakichongeka, sindano ya nyumbani haitayafuata. Lainisheni matoazi kuanzia kilohezi 8 kwenda juu, na dhibitini "s" kati ya kilohezi 5 na 9.

Msiminye kazi kwa limita, kile kinachozuia vilele kuvuka kikomo, ili ifoke kama wimbo wa redioni. Kwenye santuri hilo haliongezi ukubwa wa sauti, kwa kuwa ukubwa unaamuliwa na urefu wa upande na kina cha mfuo. Pelekeni biti 24, kwa kilohezi zilezile mlizotumia kuchanganya, vilele vikiwa −3 au chini zaidi.

Na hili limeharibu santuri nyingi za jukwaani: pelekeni faili moja kwa kila upande, pamoja na karatasi ya nyakati inayoonyesha kila wimbo unapoanza. Mkipeleka nyimbo mojamoja, kuna kiwanda kitakachoweka sekunde 2 za ukimya kati yake kama desturi. Watu 400 wanashangilia, wanakatwa kama kwa kisu, kimya, halafu wanarudi katikati ya kelele. Fundi anaweza kupanua mifuo ili mistari ya kutenganisha nyimbo ionekane kwa macho huku kelele ikiendelea chini yake. Mwombeni hivyo kwa maandishi.

Nakala za majaribio zimefika, tano. Tunasikiliza nini hasa? – Mwenye lebo ndogo

Mjue kwanza zilikotoka. Fundi alichonga lakeri, yaani sahani ya alumini iliyopakwa nitroselulosi. Ikapakwa fedha na nikeli, ikatoa nakala hasi iitwayo baba. Baba akatoa mama, ambaye ana mifuo na anachezeka. Mama akatoa muhuri, na mihuri miwili ndiyo inayobana plastiki ya PVC yenye moto ndani ya mashine. Muhuri mmoja hutoa kiasi cha nakala 1,000, kisha hubadilishwa. Kosa lina alama ya mahali lilikozaliwa.

Kwa hiyo sikilizeni zote tano, pande zote, na muandike dakika na sekunde ya kila kasoro. Kasoro iliyo kwenye nakala moja tu ni ya kubana au ya vumbi. Iliyo mahali palepale kwenye zote tano imo ndani ya muhuri au nyuma zaidi, na mkiikubali itakuwa kwenye kila nakala mtakayouza.

Tiki inayorudi kila sekunde 1.8 ni mkwaruzo unaokata mifuo kwa upana. Sauti kama ya kitambaa kinachochanwa, mara nyingi upande mmoja wa spika, ni plastiki ambayo haikujaza mfuo, kwa sababu joto au muda wa kubana haukutosha. Iinamisheni santuri chini ya taa mtaona doa lenye mng'ao tofauti na jirani zake. Sauti ndefu ya gitaa ikiyumba kama inayolewalewa, tazameni mkono wa pleya: ukienda kulia na kushoto kila mzunguko, tundu halikukaa katikati.

Mkisikia pigo la kwanza likinong'ona sekunde 1.8 kabla halijapigwa, huo ni mfuo jirani uliosukuma ukuta wa mwenzake. Kwenye rekodi ya jukwaani kelele za watu huufunika, na ni moja ya sababu santuri hizi husamehe mengi. Palipo na ukimya wa kweli, fundi anaweza kuchonga upya kwa nafasi pana zaidi.

Mwisho hakikisheni lebo hazikubadilishana pande. Fanyeni yote haya kwenye pleya ya kawaida na nyingine nzuri. Inayoruka kwenye pleya duni peke yake si lazima iwe mbovu.

Santuri mpya ya onyesho la mwisho la bendi niipendayo inaruka kwenye wimbo wa kwanza, teke linapoanza. Nimebadilishiwa mara mbili, bado. – Msikilizaji

Nakala tatu kuruka mahali pamoja ni dalili ya mfuo wenye besi nzito na pleya isiyoweza kuufuata. Safisha sindano kwa brashi, ukivuta kutoka nyuma kuja mbele. Pima usawa wa meza kwa pimamaji. Kisha pima uzito wa sindano kwa mizani ndogo: kartriji (kichwa kinachobeba sindano) nyingi za sumaku inayosogea hutaka gramu 1.5 hadi 2.5, na maelezo yake yanataja kiwango kamili. Ukiwa kwenye gramu 1.2 umepata jibu. Kizuia mvuto wa ndani, kile kinachouzuia mkono kuvutwa kuelekea katikati, kiwe sawa na namba ya uzito. Usiweke sarafu juu ya kichwa cha mkono. Itaacha kuruka na itaanza kuchimba.

Na spika zisikae meza moja na pleya. Besi inarudi kupitia mbao mpaka kwenye sindano, na ukiongeza sauti chumba kizima kinavuma.

Nyeusi au ya rangi? – Msomaji

Plastiki nzuri ya rangi moja inalia sawa na nyeusi. Zilizonyunyizwa rangi nyingi zina kelele kidogo zaidi, na zenye picha ndani zina kelele zaidi ya zote, kwa kuwa mfuo umebanwa kwenye utando mwembamba juu ya karatasi. Gramu 140 zinatosha. Gramu 180 ni uzito wa mkononi tu.

Bendi zinaagana, zinatoa santuri, halafu baada ya miaka zinarudi. Santuri ile si inapoteza maana? – Msomaji wa siku nyingi

Hatuoni hivyo. Minor Threat walipiga mara ya mwisho mjini Washington mwezi Septemba 1983 na hawakurudi tena. Have Heart waliagana tarehe 17 Oktoba 2009, onyesho lile likatoka kwenye santuri yenye tarehe hiyo kama jina, nao wakapanda tena jukwaani mwaka 2019. Kinachosikika kwenye rekodi ya 2009 ni watu ambao usiku ule waliamini hakuna kesho, na namna wanavyofoka inatokana na imani hiyo. Waliporudi, sauti ile haikubadilika hata kidogo.

Tuandike nini kwenye jalada, na tuombe ruhusa gani? – Mpiga gitaa wa pili

Tarehe, ukumbi na mji. Majina ya aliyerekodi, aliyechanganya na aliyechonga, kila mmoja kwa kazi yake. Orodha ya nyimbo kama zilivyo kwenye santuri, na pale mlipopunguza au kutengeneza, mstari mmoja wa kusema hivyo. Mkipiga wimbo wa bendi nyingine, leseni ya mwenye haki za utunzi ipatikane kabla ya kubana, na wageni waliopanda kuimba watie saini karatasi fupi ya kukubali. Mpiga picha naye vilevile.

Namba ya santuri ichongwe kwenye eneo tupu karibu na lebo, ifanane na ya jalada. Ujumbe mfupi kwa mashabiki unaweza kuchongwa hapohapo kwa mkono, herufi 20 au 30, mkimpa fundi maneno mapema. Na mnapotuma kwa posta, santuri ikae nje ya jalada, ndani ya mfuko wake wa ndani, nyuma ya jalada. Ikiachwa ndani, boksi likianguka kwa pembe, ukingo wa santuri unapasua mshono wa jalada kutoka juu hadi chini.